Droni Ikianguka Majini, Usiiwashe!

Siku hizi si ajabu tena kuona arusini au katika sherehe ya upadrisho kidude kidogo kikiruka juu ya vichwa vya watu, kikilia kama kundi la nyuki na kupiga picha. Watoto hukikimbilia, wazee huinua macho. Ndiyo ndege isiyo na rubani, nayo wengi huiita droni. Kijana mwenye droni hupata riziki yake kwa kupiga picha za arusi, mikutano na mashamba.

Wala si kazi ya picha tu. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege za namna hii hupeleka damu hospitalini. Nchini Tanzania, mwaka 2018, ilijaribiwa droni ya kupeleka dawa kutoka bara mpaka kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilometa 60 hivi juu ya Ziwa Viktoria, nayo ilikwenda kwa dakika 40 hivi.

Lakini chombo kirukacho juu ya maji chaweza kuanguka majini. Upepo huvuma, betri huisha, waya wa nguo haukuonekana. Kijana huingia majini, huiokota droni yake, huikung'uta, kisha hubonyeza kitufe ili aone kama bado ni nzima. Hapo ndipo anapoiua. Pengine baba aliuza ng'ombe ili droni ile inunuliwe, na sasa mali yote imepotea kwa kubonyeza kitufe kimoja. Basi leo twataka kueleza mambo yanayopasa kufanywa, kwanza nyumbani, halafu mezani kwa fundi.

Betri kwanza

Chomoa betri mara moja. Kama droni bado inawaka, chomoa hivyo hivyo. Betri hii si kama zile za tochi. Ni ya lithiamu. Ina nguvu nyingi sana ndani ya mfuko mdogo. Maji yakiingia ndani yake, na hasa maji ya chumvi, yaweza kuleta shoti, ikapata joto na kushika moto. Tena si lazima iwake saa ile ile. Yaweza kutulia kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa, halafu ikalipuka watu wakiwa wamelala.

Mwezi wa Septemba 2022 tufani iliyoitwa Ian iliingiza maji ya bahari katika miji ya jimbo la Florida, Marekani. Yalikuwako magari yanayoendeshwa kwa betri za lithiamu, yakazama. Baada ya maji kupungua, baadhi ya magari hayo yalishika moto yenyewe. Betri ya droni ni ndogo, lakini yatosha kuteketeza nyumba ya makuti.

Kwa hiyo, wazazi, msikubali betri iliyolowa ilale chumbani walimo watoto. Iwekeni nje, juu ya mchanga mtupu, mbali na nyumba, majani na kuni. Msiichaji tena, hata ikionekana nzima. Betri mpya ina gharama, lakini nyumba ina gharama zaidi.

Adui ni chumvi

Watu wengi hudhani kwamba maji yenyewe ndiyo yanayoharibu. Sivyo. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Adui ni wawili: chumvi na uchafu uliomo majini, na umeme unaopita wakati droni haijakauka.

Mwaka 1800 Mwitalia mmoja, Alessandro Volta, alitangaza chombo chake kipya. Alipanga vipande vya madini ya namna mbili, na kati yake akaweka vipande vya karatasi nene vilivyolowa maji ya chumvi. Kumbe, umeme ukatoka! Hiyo ndiyo iliyokuwa betri ya kwanza. Sasa tazama bodi iliyomo ndani ya droni. Ina shaba, ina bati na madini mengine, na maji ya chumvi yameingia kati yake. Hapo tayari pana betri ndogo ndogo nyingi, nazo huila shaba polepole. Ukiwasha droni, unaongeza nguvu ya betri kubwa juu yake, na shaba huliwa upesi sana. Ile kutu ya kijani unayoiona baadaye ndiyo masalio ya shaba hiyo.

Hapo utafahamu kwa nini kuizika droni ndani ya mchele hakufai. Mchele hauwezi kuondoa chumvi. Maji hukauka, chumvi hubaki, nayo huvuta tena unyevu wa hewa na kuendelea na kazi yake. Afadhali ufanye hivi. Fungua skrubu, na kila skrubu uiweke mahali utakapoikumbuka. Kamera mwachie fundi wa kamera. Bodi na mota zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Yale maji safi ya kuongezea betri za gari yanafaa sana, ila uhakikishe si asidi. Kisha sugua polepole kwa mswaki laini uliochovywa katika spiriti kali ya dukani kwa dawa, mbali na moto na sigara. Spiriti husukuma maji nje, nayo hukauka upesi. Halafu acha vitu vyote kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Usiviweke karibu na jiko.

Mota na kidhibiti chake

Droni imekauka, umetia betri nyingine, na mota tatu zazunguka lakini ya nne yatetemeka tu. Wengi husema, "Mota imekufa," wakatafuta mota mpya. Mara nyingi hukosea.

Mota ya droni haina mambo mengi. Ndani yake mna nyuzi za shaba zilizozungushwa na kupakwa vanishi, na nje yake mna kikombe chenye sumaku kinachozunguka. Mota ya namna hii yaweza hata kuzunguka ndani ya maji yasiyo na chumvi. Kinachoharibika upesi kwake ni beringi, kwa kutu na mchanga.

Lakini mota haiwezi kuzunguka peke yake. Ina nyaya tatu, na umeme sharti upelekwe katika nyaya hizo kwa zamu, mara elfu nyingi kila dakika. Kazi hiyo ni ya kidhibiti, yaani kipande cha bodi chenye transista zisizopungua sita: kila waya una mlango mmoja wa upande wa chanya na mmoja wa upande wa hasi. Milango hiyo miwili ya waya mmoja haipaswi kufunguka pamoja. Maji yakiichanganya, umeme wa betri hupita moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi, na transista huungua saa hiyo hiyo. Basi mgonjwa mara nyingi ni kidhibiti, wala si mota.

Kupima kwa kidole na kwa mita

Kwanza chomoa betri, ukaondoe na mapangaboi yote. Pangaboi la droni ni kisu. Limekata vidole vya watu wengi.

Sasa zungusha kila mota kwa kidole. Mota nzima huzunguka kwa urahisi, ikigota kidogo kidogo kwa ajili ya sumaku zake. Ikiwa mota moja ni nzito kuliko wenzake, kuna sababu mbili: ama mchanga na kutu vimeingia katika beringi, ama transista ya kidhibiti imeungua na kuleta shoti. Umepata kupanda baiskeli yenye dainamo? Taa inapowaka, miguu huona uzito. Hapa ni vivyo hivyo: mota ikizungushwa huzaa umeme, na shoti ikiupa njia, mota huwa nzito.

Utatambuaje basi? Tenganisha nyaya tatu za mota na bodi, kisha zungusha tena. Ikiwa sasa ni nyepesi, mota ni nzima na ubovu uko katika kidhibiti. Ikiwa bado ni nzito, shida iko katika mota yenyewe.

Baada ya kidole, chukua mita ya umeme, uiweke upande wa omu. Pima nyaya za mota mbili mbili. Jozi zote tatu zionyeshe namba ndogo sana, karibu na sufuri, tena zilingane. Kisha pima kila waya na chuma cha mota: hapo pasiwe na njia ya umeme kabisa. Halafu geukia kidhibiti. Pima kutoka chanya ya betri mpaka kila moja ya sehemu tatu za kuungia nyaya, na vivyo hivyo kutoka hasi. Sehemu zote tatu zilingane. Moja ikionyesha karibu na sufuri peke yake, umempata mgonjwa.

Kupima huku pande zote mbili si kazi bure. Ukifunga kidhibiti kipya juu ya mota yenye shoti, kitaungua siku ile ile, na fedha itapotea mara mbili.

Kutengeneza na kuwasha

Beringi yenye kutu hubadilishwa. Mota iliyoungua hununuliwa nyingine ya namna ile ile. Transista moja yaweza kung'olewa na kulehemiwa mpya, lakini ni ndogo sana, na fundi sharti awe na kifaa cha hewa ya moto na mkono uliotulia. Kwa wengi ni rahisi zaidi kubadili kidhibiti kizima.

Ikiwa droni ni ya aina ambayo betri yake huunganishwa kwa nyaya, mafundi wana hila nzuri ya kuijaribu. Huchukua balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12, wakaiunga katikati ya waya mmoja unaotoka katika betri ya seli tatu. Balbu ikimetameta mara moja na kuzimika, njia ni salama. Ikiwaka sana bila kuzimika, shoti bado ipo, nayo balbu imeikinga bodi isiungue. Baada ya hapo droni hujaribiwa bila mapangaboi, kisha huruka chini chini, mahali pasipo na watu. Isirushwe juu ya mkutano wa arusi mpaka imeruka hivyo mara nyingi bila hitilafu.

Basi, ndugu msomaji, haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ni kweli tupu. Siku ya ajali, kijana wako atakuwa na hamu ya kuiwasha. Mwambie achomoe betri, aiweke nje juu ya mchanga, aisuuze droni kwa maji safi, naye asubiri. Siku tatu za kungoja zaweza kuokoa thamani ya ng'ombe mmoja.