UFA UKO WAPI? TARAKILISHI NA UTUNZAJI WA MAJENGO YETU

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaiandika katika insha kila muhula mpaka imechakaa. Lakini je, umewahi kujiuliza huo ufa uko wapi, nani aliuona mwanzo, na aliandika wapi? Katika makala haya nataka kueleza jinsi tarakilishi inavyoweza kutusaidia kujibu maswali hayo matatu.

Tuanze na tunalolijua. Nyumba kubwa ikijengwa, mchoraji hutoa ramani. Mjenzi akishamaliza kazi humkabidhi mwenye nyumba ufunguo, na ramani hutiwa kabatini. Mchwa wa pwani hii nao hawana heshima ya karatasi! Hata ramani ikisalimika, baada ya miaka kumi bomba limehamishwa, mlango umezibwa na choo kipya kimejengwa. Ramani yasema hivi, jengo lasema vile.

Siku hizi wachoraji wengi hutengeneza modeli ya jengo ndani ya tarakilishi. Wataalamu huiita BIM. Usidhani ni picha ya kupendeza tu. Katika ramani ya karatasi, pampu ya maji ni duara dogo. Katika modeli, pampu ni kitu chenye maelezo yake: iko chumba gani, ilitengenezwa na nani, ilifungwa mwaka gani, dhamana yake yaisha lini, na ukitaka kuifunga ushike koki ipi.

Upande wa pili kuna kazi ya kutunza jengo: maji, umeme, paa, rangi, mashimo ya maji machafu. Kazi hii ina daftari lake, ambamo huandikwa kilichoharibika, fundi aliyekuja na pesa zilizotumika.

Sasa shida ni nini? Modeli hubaki kwa mchoraji na daftari hubaki kwa mtunzaji, wala hawasemezani. Mwaka 2004 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa makadirio kwamba taarifa za majengo makubwa kutopitana kati ya tarakilishi na kati ya watu kulileta hasara ya dola bilioni 15.8 kwa mwaka nchini humo. Karibu thuluthi mbili ya hasara hiyo iliwaangukia wenye majengo na watunzaji wao, sio wachoraji wala wajenzi.

Dawa yake ni nambari. Kila kitu hupewa nambari moja tu. Tuseme pampu ni P3. Nambari hiyo huandikwa katika modeli, katika daftari la tarakilishi, na kwa rangi juu ya pampu yenyewe. P3 ikiharibika, fundi hutafuta nambari ile, akaona mahali ilipo, ilitengenezwa lini mara ya mwisho na vipuri vyake ni vipi. Akimaliza huandika alilofanya, na modeli hubadilishwa ifanane na jengo. Akija fundi mwingine mwakani, hana haja ya kupiga ramli.

Jambo hili si la matajiri peke yao. Shuleni kwetu bomba lilipasuka mwaka jana. Mzee aliyekuwa akitunza majengo alikuwa ameshastaafu, na hakuna mwingine aliyejua koki kuu iko wapi. Fundi mgeni alivunja sakafu mahali pawili bila kuipata. Vyoo vilifungwa, na kwa siku mbili tulirudishwa nyumbani, watahiniwa wa Kidato cha Nne wakiwemo. Mwishowe mzee akafuatwa kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya tangi, akafukua mchanga kidogo, koki hiyo hapo! Nilipomwamkia na kumwuliza aliijuaje, akacheka: "Mwanangu, ramani yote ninayo kichwani. Hamkuniuliza." Kumbe siku mbili za masomo zilipotea kwa jambo la kuandikwa mstari mmoja.

Sisi watu wa Malindi na Kilifi tuna sababu nyingine ya kujali. Chumvi ya bahari hula vyuma, makuti huoza, na kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa hupasuliwa na mizizi ya miti. Magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kule Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miali ya leza, wakapata modeli zake. Hilo ni jema. Hata hivyo, modeli haizuii ukuta kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib mjini Unguja iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wakafa. Modeli isiyofungamana na daftari la kazi ya kila siku ni sawa na picha ya marehemu: sura twaiona, lakini mwenyewe hatumrudishi.

Je, asiye na pesa afanye nini? Aanze na kidogo. Pima jengo kwa futi kamba, chora ramani, vipe nambari koki, matangi, swichi kuu na milango, kisha andika jedwali katika kompyuta moja. Ziko programu za bure, kama FreeCAD, za kuchorea modeli baadaye. Lakini tuwe na hadhari. Tusijaze mambo mengi hata tukashindwa kuyafuata, na awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kusahihisha kila kazi inapofanyika. Nakala nyingine ichapishwe, maana umeme wetu twaujua.

Nawaomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili tushirikiane na wale wa Hisabati tuianze kazi hii muhula ujao. Wao wapime, sisi tuandike majina kwa Kiswahili ambacho kila fundi atakielewa. Na wazee wenye ramani vichwani tuwaulize wangali hai. Mali bila daftari hupotea bila habari.