Bunduki ya Kwanza ya Mlenga Shabaha

Uwindaji wa wanyama umekatazwa Kenya tangu mwaka 1977. Basi mtu apendaye mchezo wa bunduki hana budi kuielekeza kwenye shabaha. Naye asinunue wala kuazima bunduki kabla ya kupata cheti kitakiwacho na sheria.

Wengi hutamani bunduki kubwa yenye kishindo. Hilo ni kosa. Humpiga mwanafunzi teke begani, naye huzoea kufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua. Desturi hiyo ikiisha kuingia, ni kazi kubwa kuiondoa. Afadhali aanze na bunduki ya .22, ile itumikayo katika Michezo ya Olimpiki kwa shabaha ya mita 50. Teke lake ni dogo, na risasi zake si ghali kama za bunduki kubwa.

Achague yenye komeo la kuvutwa kwa mkono, maana humlazimu kutulia baada ya kila risasi. Kitako kimkae begani pasipo kunyoosha shingo. Akiisha kuhakikisha kwamba haina risasi, achungulie ndani ya kasiba. Akiona kutu, aiache, hata ikiwa rahisi.

Lakini asiidharau kwa udogo wake. Risasi ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilomita 1, nayo huua. Kwa hiyo apige katika kiwanja cha shabaha chenye ukingo wa udongo, na nyumbani bunduki ifungiwe, risasi zikiwekwa mbali nayo. Risasi ikiisha kutoka, hairudi.