Makaa ya miwa yaweza kufufua ardhi ya machimbo

MTO Kuja hupita Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, kabla ya kuingia Nyatike, Kaunti ya Migori, na kumwaga maji katika Ziwa Victoria. Ndhiwa kuna miwa, Nyatike kuna dhahabu. Taka za miwa hiyo zingeweza kuponya ardhi iliyojeruhiwa na dhahabu, ingawa si kwa wepesi unaodhaniwa.

Mgodi wa Macalder, uliopata umeme kutoka maporomoko ya Gogo katika mto huo, ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo wangali wanachimba. Udongo wa juu wenye rutuba hufukiwa chini ya mawe yaliyosagwa. Mawe hayo yana salfaidi, ambazo zikipata hewa na mvua huzaa asidi. Tena huchanganyika na zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu. Mahindi yakipandwa hapo hudumaa.

Bayocha ni makaa yanayopatikana kwa kuchoma mabaki ya mimea, kama magunzi ya mahindi au makapi ya miwa kutoka viwanda vya Ndhiwa na Awendo, mahali penye hewa kidogo mno, kwa joto la nyuzi 350 hadi 700 za Selsiasi. Mabaki hayo hayageuki jivu. Makaa yake yana vitundu visivyoonekana kwa macho, ambamo maji na virutubisho huhifadhiwa. Aidha, hupunguza asidi ya udongo.

Hata hivyo, makaa peke yake si chakula cha mmea. Yakitiwa matupu shambani huweza kunyonya nitrojeni, na mazao ya msimu wa kwanza yakadhoofika. Heri yachanganywe na samadi au mboji, yaloweshwe, kisha yaachwe wiki kadhaa. Majaribio mengi hutumia tani 10 hadi 20 kwa hekta, mzigo usiobebeka kwa mkulima mwenye punda mmoja. Ni busara basi kuanza na mashimo ya kupandia.

Kuhusu sumu, yafaa tahadhari. Bayocha hushika risasi na shaba zisifyonzwe na mizizi. Zebaki nayo hushikwa, lakini haiondoki. Arseniki ina tabia yake: asidi ya udongo inapopungua, huweza kulegea na kuingia majini. Anayeuza makaa haya kama dawa ya sumu zote anawadanganya wakulima.

Kwa hiyo mashimo yafukiwe na udongo upimwe maabarani kabla ya gunia la kwanza kumwagwa. Penye sumu nyingi ipandwe miti na nyasi za kuzuia mmomonyoko, si sukuma wiki.

Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kurekebisha ardhi aliyoichimba. Katika machimbo madogo, mara nyingi shimo huachiwa mwenye shamba.