Mishipa ya Moyo Huzibuliwa Bila Kupasua Kifua

Mchuma chai wa Mponde anayehisi kifua kikimbana kila apandapo mlima, kisha akapata nafuu apumzikapo, huenda akadhani ni uchovu tu. Yaweza kuwa dalili ya mshipa wa damu wa moyo ulioanza kuziba, akapimwe mapema.

Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), jijini Dar es Salaam, daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, akiongozwa na picha za eksirei. Puto dogo hujazwa penye kizuizi ili kuutanua mshipa, kisha huachwa hapo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, usijifunge tena. Kwa kawaida mgonjwa huwa macho. Ganzi huwekwa pale tu mrija unapoingilia.

Maumivu yasiyotulia hata kwa kupumzika, hasa yakiambatana na jasho jingi au kukosa pumzi, ni dharura, kwa kuwa misuli ya moyo iliyokosa damu huanza kufa. Kutoka Usambara hadi Dar es Salaam ni mbali. Mgonjwa awahishwe kwanza hospitali iliyo karibu, apimwe umeme wa moyo na kuanzishiwa dawa, huku rufaa ikipangwa.

Aliyewekewa stenti asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila ushauri wa daktari, hata akiwa amerejea shambani mzima. Stenti yaweza kuziba ghafla.