Bustani za kando ya mito: fedha ya kujenga ipo, ya kutunza iko wapi?

Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam limepata bahati ambayo mabonde mengi ya miji ya Afrika Mashariki hayajawahi kuipata: limepata fedha. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo nafuu wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza. Uhispania ikaongeza mkopo na Uholanzi ikatoa ruzuku, na mfuko mzima ukafika takriban dola milioni 260. Kwa jiji lililohesabiwa kuwa na watu milioni 5.38 katika sensa ya mwaka huohuo, na ambalo bustani zake za umma zinahesabika kwa vidole, hiyo ni neema.

Mpango wenyewe ni mkubwa kuliko bustani. Mto unapanuliwa na kuchimbwa, Jangwani, pale Barabara ya Morogoro inapokatiza bonde, inajengewa daraja refu zaidi, karakana ya mabasi ya mwendokasi inahamishwa, na wakazi wa maeneo hatarishi wamelipwa fidia wapishe, baada ya mvutano mrefu kuhusu kima chake. Sehemu kubwa ya ardhi inayobaki wazi kuelekea Daraja la Selander imekusudiwa kuwa bustani ya jiji. Kiangazi watu watatembea, watoto watacheza mpira; masika bonde litaachwa lijae maji, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake ya asili.

Swali la kibiashara linaanzia pale mkandarasi atakapokabidhi kazi na kuondoka na mitambo yake. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na katika sekta hii ya bustani za mito hakuna kauli iliyo sahihi zaidi. Miji mingi duniani imejua kuzaa. Iliyojua kulea ni michache, na kila mmoja ulikuwa umeshapanga chanzo cha fedha mapema.

Hasara iliyoepukwa haina risiti

Kwa nini wakopeshaji wanakubali kutoa mamilioni ya dola kwa mto unaonuka? Jibu lipo Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia zilizokosa makazi zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tangu hapo, karibu kila masika yanapokolea, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni. Mwendokasi husimama, mizigo ya Kariakoo hukwama, mfanyakazi wa Kimara hupoteza siku, na mabasi yaliyoegeshwa karakanani yamewahi kufunikwa na maji.

Hesabu ya mradi, kwa hiyo, haikujengwa juu ya mapato ya bustani. Imejengwa juu ya hasara ambazo hazitatokea tena: nyumba zisizobomoka, barabara isiyofungwa, siku za kazi zisizopotea. Ni hesabu halali, na ndiyo iliyofungua mlango wa mkopo. Tatizo lake ni kwamba hasara iliyoepukwa haina risiti. Mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye mzigo wake umefika salama haji bondeni kulipa chochote. Faida inatawanyika kwa watu laki kadhaa, na gharama inabaki kwa mtu mmoja: mwenye bustani.

Gharama hiyo si ndogo, kwa sababu bustani ya mtoni si sawa na bustani ya mtaani. Msimbazi unatoka milima ya Pugu, Kisarawe, ambako uoto umepungua na udongo unamomonyoka. Ukifika mjini umebeba mchanga, na kila mtaa unaopitiwa unauongezea taka. Mvua moja kubwa ikipita, njia ya waenda kwa miguu huachwa imefunikwa na tope, mifuko na chupa za plastiki huning'inia kwenye matawi, na mkondo uliochimbwa mwaka jana unaanza kujaa upya. Hapo anahitajika mtu wa kuzoa, lori la kubeba, na kijiko cha kuchimba. Ongeza mafundi wa taa, wasafishaji wa vyoo, walinzi wa usiku, wafyekaji wa nyasi, na maji ya kumwagilia miche Septemba na Oktoba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mfadhili hupenda kukilipia miaka kumi mfululizo.

Seoul, Korea Kusini, ilijifunza hilo kwa njia ya gharama. Mto Cheonggyecheon ulifukuliwa kati ya 2003 na 2005 kutoka chini ya barabara ya juu iliyobomolewa, ukawa bustani ya kilomita 5.8 katikati ya jiji, na watalii wakamiminika. Lakini mto wenyewe ulikuwa umekauka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji yanayoonekana leo husukumwa kwa pampu, mengi yakitoka Mto Han, na bili ya umeme huja kila mwezi. Jiji hilo lina kodi za kutosha kuilipa. Si kila jiji linaweza.

Njia nne za kulea

Ukiichambua miji iliyofaulu, utakuta njia nne, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni ardhi. Ahmedabad, India, ilianzisha kampuni ya jiji mwaka 1997 ili kuendeleza kingo za Mto Sabarmati kwa zaidi ya kilomita 11 kila upande. Kuta zilijengwa, mto ukasogezwa, na takriban hekta 200 za ardhi mpya zikapatikana. Sehemu isiyofika asilimia 15 ilitengwa kwa kuuzwa ili kulipa mikopo, nyingine ikawa barabara, bustani na viwanja vya maonyesho. Kwenye karatasi ni hesabu safi. Lakini viwanja vya kuuza vilichelewa mno kufika sokoni, na kaya zaidi ya 10,000 za kipato cha chini zilihamishwa kutoka kingoni, nyingi zikipelekwa mbali na vibarua vyao.

New York ilitumia ardhi kwa namna nyingine. Bustani ya Brooklyn Bridge Park, yenye hekta 34 kando ya East River, ilijengwa kwa fedha za umma, lakini tangu makubaliano ya 2002 ilitakiwa ijilipie matunzo yenyewe. Sehemu ndogo ya eneo ikapewa majengo ya makazi, hoteli na maduka, na malipo yao huenda moja kwa moja kwa shirika la bustani, si kwenye kapu la jiji. Waliobuni mfumo huo walijua walichokuwa wakikabili: gati za eneo hilo zimesimama juu ya nguzo za mbao zaidi ya 10,000 ambazo wadudu wa baharini huzitafuna polepole. Bila chanzo cha uhakika, bustani ingeporomokea majini. Wakazi wa jirani hawakufurahia majengo marefu, wakaenda mahakamani kupinga baadhi yake, lakini mfumo ulisimama.

Ya pili ni biashara. Chicago ilipotaka kukamilisha njia yake ya kutembea kando ya mto katikati ya jiji, ilichukua mkopo wa serikali ya shirikisho wa karibu dola milioni 99, ikapanga kuulipa kwa pango la migahawa, kodi za boti za watalii na matangazo. Ni mfano unaovutia, ila una sharti: wateja wenye fedha mfukoni wawe karibu, na biashara isikatike. Mwaka 2020 eneo hilo lilifungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya UVIKO-19, lakini deni lenyewe halifungwi kwa janga.

Ya tatu ni mkono wa tajiri. Huko Tulsa, jimbo la Oklahoma, bustani ya Gathering Place kando ya Mto Arkansas ilifunguliwa Septemba 2018 kwa gharama ya dola milioni 465, nyingi zikitoka kwa taasisi ya familia ya bilionea George Kaiser na wahisani wengine. Jambo la busara ni kwamba dola milioni 100 za fungu hilo ziliwekwa akiba ili faida yake ilipie matunzo. Matajiri wa aina hiyo ni adimu kwetu, lakini wazo la akiba ya matunzo halihitaji bilionea, linahitaji nidhamu.

Ya nne ni kiingilio. Kigali ilikarabati ardhioevu ya Nyandungu, hekta 121, ikaifungua kwa wageni Julai 2022, na wageni hulipa getini. Nairobi, Msitu wa Karura umetunzwa kwa miaka mingi kwa ada ndogo za wageni chini ya ubia wa Shirika la Huduma za Misitu na chama cha wananchi. Mwaka 2025 yalipotoka maagizo kwamba ada zote zipitie mfumo wa serikali wa eCitizen, mvutano mkali ulizuka, na hoja ya wapinzani ilikuwa moja: fedha ikishaingia kapu kuu, nani atahakikisha inarudi msituni? Kiingilio kina kasoro nyingine ya wazi. Bonde la Msimbazi limezungukwa na Magomeni, Kigogo, Hananasif na Mchikichini. Ukiweka geti na bei, unawafungia nje walewale walioteseka na mafuriko.

Nairobi yenyewe iko katika mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kando ya mito ya Mathare na Mukuru zilibomolewa. Machi 2025 serikali ikazindua mpango wa kuhuisha Mto Nairobi wenye bajeti iliyotangazwa ya Sh50 bilioni za Kenya, na vijana wakaajiriwa kusafisha kingo. Ajira hizo ni njema. Lakini kazi inayolipwa kwa bajeti ya mwaka huisha bajeti ya mwaka inapobadilika.

Kodi isiyojua bustani iko wapi

Turudi Dar es Salaam, tuulize: kati ya njia hizo, ipi inatufaa?

Ardhi ndiyo yenye uzito. Katika mpango wa Msimbazi, udongo unaochimbwa ili kupanua mto unaweza kutumika kuinua kingo, na ardhi iliyoinuliwa iko hatua chache kutoka Kariakoo, Upanga na katikati ya jiji. Mtu yeyote anayejua bei ya kiwanja cha Upanga anaelewa maana yake. Ardhi hiyo isiuzwe ikaisha siku moja. Ikipangishwa kwa muda mrefu, pango lake likatengwa kisheria kwa ajili ya mto na bustani, Msimbazi utakuwa na mshahara wa kila mwaka.

Wenye nyumba za jirani nao watanufaika, na hapa ndipo mfumo wetu una tundu. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida mjini hulipa Sh1,500 kwa mwezi, ya ghorofa Sh7,500 kwa kila sakafu. Ni rahisi kukusanya, lakini ni kodi isiyojua bustani iko wapi. Ghorofa litakalotazama bustani, na ambalo mwenyewe atapandisha pango mara tu nyasi zitakapoota, litalipa sawa na ghorofa lenye idadi ileile ya sakafu linalotazama dampo. Thamani imetengenezwa kwa mkopo utakaolipwa na Watanzania wote. Faida inaingia mfuko mmoja.

Wapo wanaosema soko la mitaji litasaidia, na dalili zipo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikusanya zaidi ya Sh53 bilioni kwa hatifungani ya kijani. Hatifungani ya Miundombinu ya Samia, iliyouzwa na Benki ya CRDB ili kuwawezesha makandarasi wa barabara za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ilitafuta Sh150 bilioni ikapata Sh323 bilioni. Fedha za ndani, basi, zipo. Lakini Tanga ina bili za maji za kumlipa mwekezaji. Bustani isiyo na pango, tozo wala kodi iliyotengwa haina cha kumwonyesha mwekezaji wa soko la hisa la Dar es Salaam, DSE.

TARURA, msimamizi wa mradi chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, imewahi kukusanya ushuru wa maegesho jijini. Ushuru wa maegesho ya kuzunguka bustani unaweza kuwa chanzo kidogo lakini cha haraka. Mama lishe, wauza madafu, wapiga picha na wauza miche ya maua, ambao wamejaza kingo za barabara zetu, wapewe vibanda rasmi ndani ya bustani kwa pango la bei nafuu. Coco Beach imeshaonyesha kuwa muuza mihogo ni kivutio. Kumfukuza ni hasara mara mbili.

Yote haya hayahitaji utafiti mwingine wala safari ya mafunzo ughaibuni. Yanahitaji mambo matatu yaandikwe kabla mkandarasi hajakabidhi kazi: chombo kimoja chenye jina na anuani kinachomiliki bustani, orodha ya mapato yaliyotengewa bustani peke yake, na bajeti ya matunzo inayotangazwa hadharani kila mwaka, mchanga wa kuzoa ukiwemo. Waheshimiwa madiwani wa Ilala na Kinondoni, na wabunge wa Dar es Salaam, ulizeni mambo hayo matatu katika vikao vyenu sasa, wakati mitambo bado iko bondeni.