Jinsi Mto Tana Ulivyotiwa Katika Ramani

Mtu aondokaye Tulia, katika nchi ya Kitui, akishika njia ya kaskazini, mwisho hufika Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wapata kilometa 1,000. Leo mtoto wa shule huuonyesha katika ramani kwa ncha ya kidole. Yafaa ajue mstari ule ulipatikana kwa gharama gani.

Mwaka 1849 Dk. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Kitui kwa Kivoi, mzee wa Wakamba na mfanya biashara mashuhuri. Kivoi ndiye aliyempa habari za mlima wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba Krapf aliuona Mlima Kenya kwa macho yake.

Mwaka 1851 alirudi, wakafuatana kwenda Tana. Walipokaribia mto wanyang'anyi waliwashambulia. Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Kiu ilimsukuma mpaka mtoni. Hakuwa na kibuyu, basi alitia maji katika mfuko wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, akarudi akisafiri usiku.

Wengine walifuata baadaye kwa mashua na vipimo, na katika karne ya 20 nchi ilipigwa picha kutoka eropleni. Lakini kabla ya vyombo hivyo vyote palikuwa na mtu aliyeijua njia, akampeleka mgeni, wala hakurudi nyumbani. Ramani haiandiki jina lake. Basi wazee na waalimu na walitaje.