Kwa Nini Pikapu Hugonga Shimoni na Kunyamaza Kwenye Tuta

Chini ya pua ya pikapu kama Toyota Hilux imelazwa fimbo ya chuma cha springi, inayokatiza gari kutoka upande hadi upande na kukunjwa ncha zote mbili. Mafundi huiita stabilaiza. Fimbo hiyo hushikwa kwenye chesisi kwa vipande viwili vya mpira vinavyobanwa na vishikio vya chuma; vipande hivyo ndivyo bushi. Kila ncha nayo huungwa na mkono wa chini wa gurudumu, au na kipande kinachobeba kitovu chake, kwa kiungo kifupi kiitwacho linki. Linki nyingi za siku hizi zina boljointi ndogo, yaani kiungo cha tufe, kila mwisho. Za mtindo wa zamani ni bolti ndefu iliyopitishwa katikati ya washa na mipira.

Tuanze na hali ambayo stabilaiza haifanyi kazi, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Gari likipanda tuta lililokatiza barabara nzima, magurudumu mawili ya mbele hupanda pamoja. Ncha za fimbo hupanda kwa kiasi kilekile, fimbo nzima hujizungusha kidogo ndani ya bushi, na habari huishia hapo. Haikusokotwa, kwa hiyo haina cha kupinga. Sasa gurudumu la kushoto litumbukie shimoni peke yake. Ncha moja imeshuka na ya pili imebaki juu; fimbo inasokotwa, na kwa kuwa ni springi, inataka kurudi ilivyokuwa. Kwenye kona hutokea jambo hilohilo: bodi hulalia upande wa nje, gurudumu la nje hubanwa na la ndani huachiwa, na msokoto wa fimbo huivuta bodi isilale zaidi.

Kwa hiyo stabilaiza haibebi mzigo. Pikapu iliyokaa chini kwa uzito wa magunia haitainuka kwa kufungwa linki mpya. Hiyo ni kazi ya springi zenyewe.

Nguvu ya msokoto hupita kwenye linki, moja ikivutwa na nyingine ikisukumwa, na barabara mbovu hugeuza mwelekeo huo kila mara. Boljointi ya linki ikishalegea, hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni, kila mgeuko hutoa mlio mkavu wa kugonga. Ndiyo maana gari hugonga kwenye mashimo ya upande mmoja, kwa mwendo mdogo, kisha likanyamaza kwenye tuta. Bushi husema kwa namna nyingine. Ikikauka, hulia kama kitanda cha zamani fimbo inapojizungusha, hata kwenye tuta. Ikiliwa hadi tundu lake kupanuka, nayo hugonga, ila kwa sauti nzito zaidi.

Sikio pekee halitoshi. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, shika linki na uitikise kwa nguvu. Linki nzima haichezi. Ukibaki na shaka, fungua linki zote mbili, funga fimbo kwa waya isiguse kitu, upite polepole kwenye barabara ileile. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo mwendo uwe mdogo kweli. Kelele ikitoweka, umempata mhusika kabla hujanunua kitu.

Ufungaji wenyewe unafuata kanuni ileile ya magurudumu mawili kwenda pamoja. Ukipiga jeki upande mmoja tu, gurudumu hilo litaning'inia huku la pili likiwa limebanwa: fimbo imeshasokotwa, na bolti unayoifungua inashikilia nguvu hiyo. Hapo wengi hupigana na linki isiyotaka kuingia kwenye tundu lake, wakidhani wameuziwa isiyo yake. Inua pande zote mbili kwa usawa na uweke stendi, au acha magurudumu yote chini ikiwa nafasi inaruhusu. Wakati wa kukaza, msumari wa boljointi huzunguka pamoja na nati. Uzuie kwa spana, au kwa ufunguo wa pembe sita ikiwa una tundu lake. Nati ya kujifunga isirudiwe. Bushi za mpira zipewe mkazo wa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, zisije zikasokotwa siku zote gari linaposimama.

Kabla ya kuvisha bushi, sugua kutu pale inapokaa, kisha pima kipenyo cha fimbo. Bushi inayozidi fimbo kwa milimita moja itagonga ikiwa mpya. Grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli huivimbisha na kuila raba ya asili. Bushi za plastiki ngumu ndizo zinazohitaji grisi, tena ya silikoni. Hizo hudumu, lakini vumbi likiingia hulia, na ndiyo sababu kwa gari la barabara za vumbi ningechagua raba ya kiwanda.

Kuna wanaoona heri kuongeza unene wa fimbo kabisa. Ugumu wa kusokotwa hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka milimita 25 hadi 28, fimbo huwa ngumu kwa takriban asilimia 57 zaidi. Gari litalala kidogo kwenye kona, ni kweli, lakini shimo la gurudumu moja litatikisa bodi yote, na tairi za mbele zitateleza mapema pua ikikataa kuingia kona. Kwa pikapu ya kazi sioni faida. Badilisha linki zote mbili pamoja na bushi zake, kwa vipimo vya kiwanda.

Kelele ikiendelea baada ya hapo, usiizoee. Linki ikikatika, gari hulala kwenye kona na bado hufika nyumbani. Boljointi ya mkono wa chini ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari. Hiyo ndiyo ya kukaguliwa inayofuata, kabla gari halijarudi barabarani.